Swali la Tisa

Maswali manane ya kwanza yalikuwa ya kazi.
Kioo hiki kina mkwaruzo, utauonaje?
Kwa taa ya pembeni, si kwa kidole.
Umesaga lenzi miaka mingapi kule Görlitz?
Kumi na minne, vyeti vimo bahashani.
Bwana Pfeilschifter aliandika, akatabasamu,
akanimiminia maji yenye gesi
bila kuniuliza kama nayapenda.

La tisa alilitoa kama mtu anayetoa peremende mfukoni:
"Na nyumbani, Bibi Kühnast? Mnapanga... kuongezeka?"
Mkono wake ukachora hewani kitu cha mviringo.

Sheria naijua. Ilse wa chama cha wafanyakazi
alitufundisha jioni moja, chai ya mnanaa ikitupoea:
asiye na ruhusa ya kuuliza
hana haki ya kuambiwa kweli.
Mdanganye mchana kweupe,
hakimu atakuwa upande wako.
Niliduwaa. Njia ya mwongo fupi, nilikuwa najua hivyo;
kumbe kwa swali hili wameitia lami
na taa za barabarani.

Taabu yangu ilikuwa nyingine:
sina uongo wa kusema.
Neno alilolitaka ninalo, na ni kweli tupu.
Hapana.
Hapana ya madaktari wawili wa Dresden, yenye mihuri.
Hapana ya mwezi Machi, ya mashuka
ambayo Jochen aliyafua saa tisa usiku
akidhani nimelala.
Ningelitamka tu, pumzi moja,
mkataba ungeteleza mezani kuja kwangu
kama sahani ya keki.

Lakini kwenye benchi la korido
nilimwacha binti wa koti la njano,
Nurcan, aliyeniazima kalamu.
Alikuwa anakula biskuti kavu kwa vipande vidogo vidogo,
kama wanavyokula wanaotapika asubuhi.
Akavuta koti mbele, vifungo vikakataa kukutana.

Kweli yangu ikininunulia kiti hiki
itakuwa imemfundisha bwana huyu
kwamba swali lake linafanya kazi.
Na yale mashuka
hayakufuliwa ili yawe barua ya sifa.

Nikanywa. Gesi ikanipanda puani.
"Bwana Pfeilschifter, lenzi haimjui
anayeisaga ana watoto wangapi.
Hilo sitalijibu. La kumi ni lipi?"

Sauti ilinitoka nyembamba,
si ile niliyoifanyia mazoezi bafuni.
Wekundu ukampanda kutoka kwenye kola.
"Yalikuwa mazungumzo tu," alisema.
"Hata mimi," nikajibu, "nilikuwa nazungumza tu."

Huo ndio uongo pekee katika shairi hili.
Jibu hilo lilinijia kwenye tramu, vituo vitatu baadaye.
Pale mezani nilinyamaza
nikahesabu mapovu ya glasi.

La kumi lilihusu mshahara. La kumi na moja halikuwepo.

Koridoni nilimrudishia Nurcan kalamu yake,
nikainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu.
"La tisa," nikamnong'oneza. "Ukitaka kumdanganya, mdanganye,
sheria iko nawe. Usipotaka, mwulize la kumi."
Hakusema asante. Alinipa biskuti.

Wiki ya tatu sasa. Sanduku la barua
linaniletea matangazo ya pizza.
Jochen hulifungua, hulifunga, haulizi.

Jana nilipita chini ya kiwanda,
nikatafuta rangi ya njano ghorofa ya pili.
Jua la Jena lilikuwa limelala juu ya vioo vyote,
ndani hakuonekani kitu.
Nikasogea hatua mbili, tatu,
nikaanza kutazama kwa pembeni.